Mgonjwa Asiyepona: Huruma Ni Ipi?

MAUTI hayana mjadala, lakini njia ya kuyafikia ina mjadala mkubwa. Tangu zamani watu wamejiuliza: mtu akiugua maradhi yasiyopona, akawa usiku na mchana ni kuugua na kulia, na mwenyewe akaomba apumzishwe, je, anayempumzisha amemtendea wema au amemuua? Baadhi ya nchi za Ulaya na Marekani zimekwisha kulitungia sheria jambo hili, wakaliita kifo cha huruma. Sisi watu wa pwani tumezoea kulifunga kwa neno moja, "haramu", kisha tukaendelea na kahawa yetu. Neno hilo ni la kweli. Lakini ukweli wake peke yake haumpunguzii maumivu aliye kitandani, na hilo ndilo lililonifanya nishike kalamu.

Swali lenyewe halikunijia Mombasa. Lilinijia Endebess.

Endebess ni mji mdogo chini ya Mlima Elgon, katika Trans Nzoia, kwenye barabara itokayo Kitale kwenda Suam mpakani mwa Uganda. Ni nchi ya mahindi na ng'ombe wa maziwa, na baridi yake ya alfajiri humfanya mtu wa pwani aulizie koti kabla ya chai. Wakaazi wake ni Wasabaot, Wabukusu, Waturkana na wengineo ambao baba zao waliletwa na kazi za mashamba makubwa ya walowezi. Waislamu wamo pia, si wengi, na mmoja wao, mwenye duka, ndiye aliyenikaribisha kwake.

Siku ya pili mwenyeji wangu aliniambia kuwa jirani yake, mzee wa makamo ya miaka sabini na kitu, ana kensa ya koo, na akanitaka tukamzuru. Kumzuru mgonjwa ni haki ya jirani, awe wa dini yetu au asiwe. Tukaenda.

FAHALI NA BABA

Ugonjwa wa kensa ya koo ni jina lijulikanalo sana katika nyanda za juu za magharibi ya Kenya. Huanza kwa mtu kushindwa kumeza ugali, kisha uji, kisha hata mate yake. Mzee yule alikuwa amefikia maji ya kijiko. Alilala kwa ubavu, magoti ameyakunja hadi tumboni, na kila baada ya muda hutoa sauti ambayo siwezi kuiandika.

Wanawe walitupokea vizuri. Tulipoketi nje, mkubwa wao, mkulima mwenye mikono ya jembe, alinigeukia akasema:

"Sheikh, nataka kukuuliza."

Nikamwambia mimi si sheikh, ni mwandishi tu. Akasema ni mamoja.

"Mwezi uliopita fahali wetu alivunjika mguu pale mtoni. Tulimchinja saa ile ile, hatukungoja jioni. Baba tunamwacha hivi, mwezi wa tatu sasa. Kati ya fahali na baba, tunampenda nani zaidi? Kwa nini daktari asimdunge sindano moja akalala? Dini yenu yasemaje? Na sheria yasemaje?"

Kabla sijafumbua kinywa, dada yake aliyekuwa akiosha vyombo alijibu bila ya kuinua uso:

"Fahali tulimla."

Watu wakanyamaza. Kisha ikatoka sauti ya mzee ndani, nyembamba, kwa Kiswahili cha shambani. Kumbe alikuwa akisikia yote. Alisema, "Mimi sitaki kufa leo. Nataka kulala."

Ndugu msomaji, maneno hayo machache nimeyafikiri zaidi ya vitabu vingi. Lakini kwanza nimjibu mkulima, kwani swali lake ni la heshima na hakuliuliza kwa ubaya.

KISA CHA PANGO LA KITUM

Karibu na hapo lipo jambo lililotokea ambalo wazee wa Endebess wanalikumbuka. Ukitoka mjini ukaelekea mlimani unafika lango la Chorlim, mlango wa Mbuga ya Mlima Elgon, na ndani ya mbuga mna pango liitwalo Kitum. Ndovu huingia humo usiku, gizani, wakachimba chumvi ukutani kwa pembe zao. Popo nao wamejaa humo.

Januari 1980 Mfaransa aliyekuwa akifanya kazi katika kiwanda cha sukari magharibi ya Kenya, na ambaye alikuwa amelitembelea pango hilo, alishikwa na homa kali. Akapelekwa Nairobi, na huko akafa. Ilikuja kujulikana kuwa ni homa ya Marburg, iliyopewa jina la mji wa Ujerumani ambako ilionekana mara ya kwanza mwaka 1967. Daktari aliyejaribu kumwokoa, Shem Musoke, aliambukizwa, na siku 9 baadaye naye akaanguka. Dawa ya kuua virusi hivyo haikuwapo, wala chanjo. Madaktari wenziwe hawakuwa na la kufanya ila kumtunza, siku baada ya siku. Akapona. Mpaka leo maabara za dunia zinatumia aina ya virusi hivyo iliyopewa jina lake, Musoke.

Mwaka 1987 kijana wa Kidenmark mwenye miaka 15 alilitembelea pango lile lile. Akaugua, akatibiwa kwa kila njia, na siku ya 11 ya ugonjwa akafa.

Watu watatu, ugonjwa mmoja. Wawili walikufa, mmoja akaishi, na hakuna aliyeweza kuandika mapema yupi ataishi. Katika mlipuko wa Angola wa 2004 na 2005, karibu watu 9 katika kila 10 waliopata Marburg walikufa. Lau wauguzi wa Musoke wangaliamua mambo kwa hesabu za namna hiyo, wangalisema kuwa huruma ni kumfupishia. Hawakusema hivyo.

Lakini nisimdanganye msomaji. Kisa cha daktari kinatufunza kutokata tamaa mapema. Hakimjibu mzee wa Endebess. Kensa iliyokwisha kuziba koo na kuenea mwilini si homa inayopanda na kushuka. Wanawe walijua kuwa baba yao anakufa, naye alijua. Kwa hiyo tusijifiche nyuma ya miujiza. Swali ni la mtu ambaye hakika atakufa kwa maradhi yake: je, yafaa kumharakishia?

SHERIA YASEMAJE

Duniani nchi zimeachana njia. Uholanzi na Ubelgiji ziliruhusu daktari kumuua mgonjwa aombaye, kwa masharti, tangu 2002. Kanada ikafuata 2016, na Hispania 2021. Katika Afrika, mahakama kuu ya Pretoria ilimruhusu wakili mmoja mwenye kensa, Aprili 2015, asaidiwe na daktari kufa. Ajabu ni kwamba mwenyewe alikuwa amekwisha kufa kwa ugonjwa wake saa chache kabla ya hukumu kutolewa. Desemba 2016 mahakama ya rufani ya Afrika Kusini ikaitangua hukumu ile.

Kenya mlango umefungwa. Katiba ya 2010, kifungu cha 26, inampa kila mtu haki ya kuishi na inakataza mtu kunyimwa uhai kwa makusudi, ila pale sheria inaporuhusu. Na hakuna sheria ya Kenya inayoruhusu kuua kwa huruma. Kanuni ya adhabu, ambayo asili yake ni ya 1930, ina kifungu cha 213 kinachomgusa mkulima wetu sawasawa. Kinasema kuwa anayeharakisha kifo cha mgonjwa huhesabiwa kuwa amemuua, hata kama ugonjwa wenyewe ungemuua baadaye. Yaani haitoshi kujitetea kwa kusema, "Angekufa tu." Kifungu cha 225 nacho kinamwekea kifungo cha maisha anayemsaidia mwingine kujiua. Na ikithibitika ni mauaji ya kukusudia, adhabu iliyoandikwa ni kifo, ingawa Mahakama ya Juu iliamua Desemba 2017 kwamba jaji asilazimishwe kuitoa bila ya kusikiliza utetezi.

Lipo badiliko moja ambalo watu wanalichanganya na jambo hili. Tarehe 9 Januari 2025 Mahakama Kuu ya Nairobi ilitangaza kuwa kifungu cha 226, kilichomfanya anayejaribu kujiua kuwa mhalifu, kinapingana na Katiba. Nimesikia watu wakisema ati sasa kujiua kumehalalishwa. La hasha. Mahakama ilisema mtu aliyefikia hali hiyo anahitaji matibabu, si jela. Anayemsaidia kufa bado ni mhalifu.

Na wale wanaodhani tutakwenda kwa Kadhi, wajue kuwa Katiba imempa Kadhi mambo ya ndoa, talaka, mirathi na hali ya mtu kwa Waislamu. Uhai na mauaji ni ya mahakama za dola. Kama sheria itabadilishwa, itabadilishwa Bungeni. Na imesadifu kuwa mbunge wa Endebess, Robert Pukose, mwenyewe ni daktari, na mwaka 2022 alichaguliwa kuongoza kamati ya afya ya Bunge.

Lakini sheria hiyo hiyo ina upande wa pili ambao wengi hawaujui. Sheria ya Afya ya 2017 inamtaka mhudumu wa afya amweleze mgonjwa hali yake, na pia kwamba ana haki ya kukataa matibabu, na yatakayofuata akikataa. Mtu aliyechoka kupasuliwa anaweza kusema basi. Sheria inamzuia mwingine asimuue. Haimlazimishi yeye aburutwe kutoka hospitali hadi hospitali mpaka pumzi ya mwisho.

DINI YASEMAJE

Kwetu Waislamu msingi unajulikana. Roho ni amana. Mwenyewe si mwenye mali bali ni mwekwa amana. Surat An-Nisaa, aya ya 29, inakataza watu kujiua, na inalifuatisha katazo hilo na habari ya rehema ya Mungu. Ipo hadithi aliyoipokea Jundub, katika Bukhari, ya mtu wa zamani aliyekuwa na jeraha, akashindwa kustahimili, akajikata mkono kwa kisu, damu ikamtoka mpaka akafa. Naye alilaumiwa kwa kuharakisha. Huyo hakuwa mzima aliyechoka na maisha. Alikuwa mgonjwa mwenye maumivu, na kisa chake ndicho hiki tunachokizungumza.

Hapa ndipo inapojibiwa hoja ya fahali. Mnyama amewekwa chini ya mkono wetu: twamfuga, twamchinja, twamla, na tutaulizwa kama tulimtesa. Kwa hiyo kumchinja aliyevunjika mguu ni kutumia ruhusa tuliyopewa. Baba hakuwekwa chini ya mkono wa mtu, wala mkono wake mwenyewe. Binti yule aliyekuwa akiosha vyombo aliijibu kwa maneno mawili, bila ya kusoma fikihi.

Je, na kama mgonjwa mwenyewe ameridhia? Wanazuoni wamejadili kama ridhaa yake inaondoa kisasi juu ya aliyemuua. Hakuna aliyesema inaondoa dhambi. Na mwaka 1981 madaktari wa Kiislamu waliokutana Kuwait waliandika katika maadili yao kwamba daktari haondoi uhai hata kwa kisingizio cha huruma.

Lakini msomaji asiishie hapo, kwani wengi huishia hapo. Dini haikumwambia mgonjwa aupende uchungu. Hadithi ya Anas bin Malik inakataza mtu kutamani kufa kwa sababu ya dhara lililompata, kisha inampa mlango: kama hana budi, amwombe Mungu amweke hai maadamu uhai ni heri kwake, na amfishe ikiwa kufa ni heri kwake. Mtu anaruhusiwa kusema kuwa amechoka. Anamwambia Mwenyewe aliyemuumba. Na Ibn Abbas amepokea habari ya mwanamke mweusi mwenye kifafa aliyemwendea Mtume kutaka dua. Akapewa hiari ya kuombewa apone au kusubiri na kupata pepo, akachagua kusubiri. Kutokana na habari kama hizi wanazuoni wengi, na wa madhehebu yetu ya Shafi wakiwamo, wameona kuwa kujitibu ni jambo linalopendekezwa, wala si faradhi kwa kila hali, hasa pale ambapo dawa haina tamaa ya kuponya.

Mambo ya mashine nayo yametazamwa. Oktoba 1986 Baraza la Fikihi la Kiislamu lenye makao Jeddah lilikutana Amman, likakubali kuwa mtu ambaye ubongo wake wote umesita kabisa, na madaktari mabingwa wakathibitisha kuwa hautarudi, yafaa kumwondolea mashine za kumpumulisha hata kama moyo ungali ukidunda kwa nguvu ya mashine. Kwa hiyo kaka anayeridhia mashine iondolewe kwa nduguye aliye katika hali hiyo asijione kuwa ni muuaji.

Tofauti ni hii: kuacha kumzuia mtu kufa, pale ambapo kumzuia hakufai kitu, si kumuua. Sindano inayopigwa ili afe ni kumuua.

HURUMA NA EKARI

Kuna jambo lingine ambalo halisemwi barazani. Endebess ardhi ni mali, na pwani nyumba na minazi ni mali. Mgonjwa aliyelala anamaliza fedha kila siku, na nyuma yake wapo warithi. Simtuhumu mkulima yule. Machozi yake niliyaona. Lakini sheria haitungwi kwa ajili ya mwana mwema tu.

Katika madhehebu ya Shafi, aliyemuua mtu hamrithi, kwa namna yoyote aliyomuua, hata kama nia yake ilikuwa safi. Sheria ya Kenya ya urithi, kifungu cha 96, nayo inamnyima fungu aliyemuua kwa kukusudia. Wazee waliotunga kanuni hizi walijua kuwa huruma na tamaa hukaa jirani, na wakati mwingine mwenye nyumba mwenyewe hajui ni nani kati yao aliyebisha hodi.

Tena fikiri mgonjwa. Pale ambapo kuuawa kumekuwa ruhusa, kila mzee anayegharimu atajiona ana deni. Hataulizwa na mtu. Atajiuliza mwenyewe, usiku, anaposikia wanawe wakihesabu fedha za dawa.

"NATAKA KULALA"

Sasa nirudi kwa maneno ya mzee. Mwanawe aliomba kifo kwa niaba yake. Yeye mwenyewe aliomba usingizi. Alichokuwa akipewa kwa maumivu ya kensa ni vidonge ambavyo wewe nami hunywa kwa kuumwa na kichwa. Katika hali hiyo, ni nani asiyesema bora kufa?

Dawa ya maumivu makali ipo, nayo ni ya zamani: mofini. Wengi huiogopa kwa kuwa hutokana na afyuni, wakadhani ni kilevi kilichoharamishwa. Lakini mgonjwa haitumii kwa starehe. Anaitumia kwa haja, kwa kipimo cha daktari, na haja huhalalisha lisilohalalika pasipo haja. Wengine huogopa kuwa itamwua. Ikitolewa kidogo kidogo na kupandishwa kwa kadiri ya maumivu, mgonjwa hutulia, hulala, hata hupata nguvu ya kuzungumza na kuswali. Mambo hupimwa kwa nia: kupiga mofini ili maumivu yaishe ni tiba, na kupiga kwa wingi ili mtu aishe ni kuua.

Ng'ambo ya Suam, Uganda walilitambua hili mapema. Mwaka 1993 daktari Mwingereza, Anne Merriman, alianzisha Hospice Africa mjini Kampala. Mofini ya unga ikachanganywa na maji, ikatiwa rangi kuonyesha nguvu zake, ikawa ya kunywa nyumbani kwa bei ndogo. Mwaka 2004 Uganda ikawaruhusu hata wauguzi na maafisa wa tiba waliopata mafunzo maalumu kuiandika, kwa kuwa madaktari ni wachache vijijini.

Kenya nayo haikukaa bure. Nairobi Hospice ilifunguliwa 1990, na baadaye zikaja nyingine, za Eldoret na ya kwetu Mombasa zikiwamo. Lakini mwaka 2010 shirika la Human Rights Watch liliandika kuwa ni hospitali 7 tu za umma kati ya kama 250 nchini zilizokuwa na mofini. Tangu hapo mambo yamesogea. Mwaka 2021 ilitoka sera ya taifa ya kuwatunza wagonjwa wa aina hii hadi 2030. Hata hivyo mtu wa shamba bado ana safari ndefu kati ya kitanda chake na chupa ya dawa.

Mwenyeji wangu na mkulima yule walifunga safari hiyo. Niliambiwa kwa simu kuwa dawa ilipatikana, mzee akalala usiku wa kwanza mpaka jua likachomoza, akaishi wiki kadhaa, akagawa mashamba yake kwa ulimi wake mwenyewe mbele ya wanawe wote, kisha akafa kwa siku yake. Lau angalidungwa siku ile tuliyoketi nje, ugawaji huo usingalikuwapo, na pengine ndugu wale wangalikuwa mahakamani mpaka leo.

WAJIBU WETU

Mimi naona sheria ya Kenya na dini yetu zimefanya vyema kukataza. Lakini anayekataza ana deni. Ukimwambia mgonjwa, "Usife kwa mkono wako," huna budi kuongeza, "na hatutakuacha ulie peke yako." Tusipoongeza hilo tumemfungia mlango kisha tukaondoka na ufunguo.

Pwani tuna adabu nzuri za mauti. Tunamwelekeza mgonjwa kibla, tunamlowesha midomo, tunamsomea Yasini, tunamtamkisha shahada taratibu bila ya kumuudhi. Hizi zote ni za saa ya mwisho. Je, na miezi mitatu iliyotangulia? Hapo ndipo mgonjwa anapohitaji mtu wa kumgeuza asipate vidonda, wa kumsafisha bila ya kukunja uso, na wa kwenda kuuliza dawa ya maumivu hospitalini na kutoondoka mpaka ajibiwe.

Nayasema haya kwa misikiti yetu hasa. Twachangisha sanda na kaburi bila ya kuombwa mara mbili, na ni jambo jema. Tuchangishe pia nauli ya mgonjwa aliye hai na chupa yake ya mofini. Na maimamu watwambie waziwazi juu ya mimbari kuwa kunywa dawa ya kutuliza si upungufu wa subira, ili mama zetu wasife wakiuma mto kwa kudhani kuwa kulia ni dhambi na kutulizwa ni dhambi.